Sufuria la Adesi na Kifaru Kimoja

Jumatatu, 2 Machi 1998

Kichwa cha kondoo kimemwelekea Abu Shibli tena!

Karamu ya harusi leo, ukumbi wa ukoo. Sinia ya mansaf ikaja, wali mlima, nyama juu, kichwa katikati. Wakaigeuza sinia polepole mpaka pua ya kondoo ikamtazama yeye, mgeni wa heshima. Kwa nini yeye? Kwa sababu ana nishani. Nishani ya Utumishi Bora wa Kijeshi, kaibandika kwenye koti, kaja nayo mpaka harusini. Nadhani hata akioga haivui. Mimi nilikuwa upande wa pili wa sinia, ambako kulikuwa na wali mtupu na kiwiko cha ami yangu Falah.

Ni jirani yangu huyu, ukuta kwa ukuta. Jeshi moja, bonde moja, vita vile vile vya Karama mwaka sitini na nane. Yeye alibeba majeruhi mgongoni, akapata nishani. Mimi nimepata nini? Gesi tumboni.

Basi yatosha. Nimemwambia mke wangu, Umm Hayil, kwamba mwaka huu nishani ni yangu. Kila mwaka, tarehe 21, siku ya kumbukumbu ya vita, Pasha Raji, brigedia wetu mstaafu, hupendekeza jina moja la mtu wa mji wetu wa Salt. Jina hilo litakuwa langu. Umm Hayil aliniuliza, bila kuinua macho kwenye bamia zake, kama siku hizi wanatoa nishani ya kumenya vitunguu.

Sawa, nilikuwa mpishi wa kikosi. Lakini nani anajua? Ukoo mzima unajua nilikuwa kwenye mzinga na nikapiga kifaru cha adui. Najua kwamba wanajua, maana nimewaambia mwenyewe kila majira ya baridi kwa miaka thelathini, tena kwa kiapo cha masharubu. Kwetu mwanamume akiapa kwa masharubu yake na uongo ukaonekana, hunyoa. Yangu bado yapo. Wanataka ushahidi gani tena?

Chakula cha jioni nimepika mwenyewe, kwa hasira. Supu ya adesi. Mke kaanza wimbo wake wa siku zote: mtu gani mwenye akili anatia jamidi kwenye adesi? Jamidi ni mtindi mkavu wa kupikia mansaf, kila kitu na mahali pake. Nikamwambia ndivyo nilivyozoea. Kalalamika mabakuli mawili mazima.

Jumatano, 4 Machi

Nimekwenda kwa Pasha na kopo la samli. Nimemkuta bustanini anapogoa mizabibu. Nikamsifia mizabibu. Nikamsifia mkasi. Nikamsifia hata matope ya viatu vyake. Kisha nikaingiza habari ya mzinga na kifaru, kidogo kidogo, kwa unyenyekevu.

Pasha hakugeuka. Alisema mzinga ule ulikuwa na watu watatu, na mpaka leo wamekwisha kumjia arobaini waliokuwa wakiupiga. Wangekuwapo wote, akasema, mzinga ungedidimia ardhini na adui angetupita huku akitupungia mkono.

Nikaapa kwa masharubu. Akayatazama. Akasema ni masharubu mazuri, na kuyapoteza itakuwa hasara.

Samli kaichukua.

Jumamosi, 7 Machi

Nimepata! Jaha!

Mbona sikufikiri mapema? Nikienda peke yangu, Pasha anaweza kunipa mgongo. Jaha hawezi. Wazee wanaingia kwa pamoja, kahawa inamiminwa, hakuna anayegusa. Msemaji anaweka kifinjani chake mbele yake na kueleza haja. Kahawa inapoa. Mwenye nyumba anaona aibu ya kahawa isiyonywewa chini ya paa lake, mpaka atamke kwamba wanywe, walichokijia wamekipata. Kwa njia hiyo watu hapa wanaoa, na damu zinasamehewa. Itashindwa kipande cha chuma?

Mke wangu kasema jaha ni ya bibi harusi au ya damu, haijapata kusikika jaha ya mtu kuombewa sifa. Nikamwambia kila jambo lina mwanzo wake.

Tatizo ni msemaji. Awe mtu ambaye Pasha hathubutu kumvunjia heshima. Nimefikiri asubuhi nzima, nimezunguka mji kwa mawazo, na kila njia imenirudisha kwenye mlango ule ule. Abu Shibli! Mungu ana mizaha yake.

Nimekwenda. Nimekunywa chai yake, tamu mno. Nimemsifu mbuzi wake, mbuzi mwenye sura ya mkopeshaji. Nikaomba. Akakubali papo hapo, jambo lililoniudhi, maana nilikuwa nimejiandaa kukataliwa. Kisha akauliza akaseme nilifanya nini. Nikamwambia mzinga, kifaru.

"Abu Hayil," akasema, "mimi nilikuwapo. Mbona husemi habari ya sufuria?"

Sufuria! Naiandika hapa mara moja, kisha nisiisikie tena. Siku ile nilitumwa kupeleka adesi kambi ya nyuma, kwa nyumbu wa mizigo. Kombora la kwanza likaanguka, nyumbu akashtuka, akatimua mbio. Nyumbu yeyote mwenye akili angekimbilia nyuma. Huyu alikimbilia mbele. Mimi nilikuwa nimejifunga kamba kiunoni ili asinitoroke. Tulishuka mlima wote namna ile, mimi nikipiga kelele, mpaka tukatumbukia kwenye handaki la mbele kabisa, katikati ya vijana waliokuwa hawajala tangu jana. Nifanye nini? Nikawapakulia. Nusu nilijimwagia. Ndiyo vita vyangu hivyo. Niliburutwa na mnyama. Hiyo ni habari ya kumpa mtu nishani?

Nikamwapisha Abu Shibli kwa Mungu kwamba hatalitaja sufuria lile kwa ulimi wake, la sivyo sitamwamkia mpaka kaburini. Aliapa huku akitikisa kichwa. Mtu mzuri, ila hana akili ya mambo makubwa.

Ijumaa, 13 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Jaha ilipangwa baada ya sala. Asubuhi sikuweza kula kitu kwa wasiwasi, nikawa nadonoa zeituni. Zeituni za mke wangu zina chumvi ya kumtibu ng'ombe. Nilipotazama, kopo lilikuwa tupu.

Tukafika kwa Pasha. Wazee kumi na wawili, majoho yao mabegani, Ami Falah mbele na fimbo. Tukaketi. Dele likaja, kahawa ikamiminwa, vifinjani vikawekwa. Hakuna aliyegusa. Kimya kizuri, kizito. Abu Shibli akasimama, nishani inang'aa, akaanza kwa kumhimidi Mungu, akaja kwa mababu wa Pasha, mmoja mmoja, na mababu wa Pasha ni wengi. Maneno ya dhahabu. Mimi koo limekauka. Ulimi umegeuka gome. Nikasema moyoni nilowanishe mdomo tu.

Nikanywa!

Mtu wa dele, kwa mazoea, akanijazia. Kwa mazoea nikanywa tena. Kisha, Mungu anisamehe, nikakitikisa kifinjani, kama afanyavyo mgeni aliyetosheka asiye na haja nyingine.

Abu Shibli alinyamaza katikati ya babu wa sita. Ami Falah alinitazama kama nimevua nguo. Pasha alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema mwenye haja amekunywa na ameshiba, basi hakuna haja, karibuni nyote mnywe, mmekuja kunitembelea na nyumba imefurahi. Wakanywa. Wangefanya nini?

Laiti ingeishia hapo! Lakini Pasha alikuwa amechangamka, na mtu mzima akichangamka husimulia. Akasema yeye hapendi nishani za kuombewa, ila yuko mtu mmoja ambaye angemwandikia leo hii bila jaha. Siku ya Karama, akasema, vijana wa handaki la mbele walikuwa wamechoka, wana njaa, wengine wameanza kutazama njia ya kurudi. Mara akatokea mpishi na nyumbu, katikati ya makombora, kajaa masizi usoni, akawapakulia adesi. Waliokuwa wanataka kuondoka wakakaa chini kula. Wakisha kula, wakabaki. Pasha mwenyewe alikula, na ladha ile, akasema, hajaionja tena mpaka leo. Miaka thelathini anamuulizia mpishi yule. Hajui jina. Anahofu amekufa.

Abu Shibli aliniangalia kwa macho yaliyotaka kutoka. Kiapo kilikuwa kimemziba mdomo, alikuwa mwekundu kama nyanya.

Pasha akanigeukia. "Abu Hayil, wewe ulikuwa mzingani, pale karibu. Lazima ulimwona."

Ukimtoa Abu Shibli, wazee kumi na mmoja wa ukoo wangu wananitazama. Wote nimewaapia. Kusema ni mimi ni kunyoa mbele yao. Nikafungua mdomo, na haya ndiyo yaliyotoka:

"Nilimwona, Pasha. Mwoga yule. Alikuwa analia, na nyumbu ndiye aliyemleta."

Uso wa Pasha ukawa jiwe. Akasema polepole kwamba aliyelia akaendelea kupakua ni bora kuliko wengi anaowajua. Akanyanyuka. Tukatoka. Hakuna aliyenisemesha njia nzima, isipokuwa Ami Falah aliyesema kwamba sasa kahawa ya jaha yangu itasimuliwa mpaka mji wa Karak.

Jumamosi, 14 Machi

Umm Hayil hasemi nami tangu jana. Kajua yote. Katika mji huu habari hupitia dirishani hata ukifunga.

Leo adhuhuri nikamwambia apunguze kununa, aliyeaibika ni mimi. Akaweka kisu chini. Akanikumbusha kaka yake Atallah, Mungu amrehemu, aliyekufa kitandani kwake akiwa na wajukuu. Nikauliza Atallah anaingiaje.

"Atallah alikuwa handaki lile," akasema. "Alirudi akatuambia angekimbia siku ile, na wenzake waliokimbia walipigwa njiani. Alikaa kwa sababu ya bakuli la adesi. Ulipokuja kuniposa, baba hakukutaka. Mimi nilisema namtaka yule mpishi. Na jana umemwita mwoga."

Akaenda kuanua nguo. Miaka ishirini na saba ya ndoa, hakuwahi kuniambia. Nilikaa jikoni peke yangu. Macho yaliniwasha. Vitunguu, nadhani, ingawa hakuna aliyekuwa anavikata.

Jumanne, 17 Machi

Nimenyoa.

Si jambo dogo. Nimejitazama kwenye kioo nikaona uso wa shangazi yangu. Muuza mkate kaniuliza Abu Hayil yuko wapi. Nimewaambia watu ni amri ya daktari, mambo ya pua.

Lakini kwa Pasha nilikwenda na ukweli, kifua mbele. Nikakuta foleni! Wanaume saba barazani. Nikauliza kuna msiba? Kumbe habari ya Ijumaa imeenea, na sasa wote ni mpishi. Mmoja, ambaye mwaka sitini na nane alikuwa na umri wa miaka mitano, kaja na nyumbu kabisa. Watu hawana haya! Uongo wa mchana kweupe!

Zamu yangu ikafika. Nikamwambia Pasha ni mimi, na masharubu nimeyanyoa kwa kukiri. Akanitazama sana. Nikaona amelainika. Akasema kila mmoja anamuuliza swali moja tu: ndani ya adesi zile mlikuwa na nini?

Jibu nalijua kuliko jina langu. Chumvi ilikuwa imetuishia, nikavunja jamidi nikatupia humo. Lakini mtu utasemaje hivyo mbele ya brigedia? Kwamba mpishi wa jeshi aliishiwa chumvi? Nikaona afadhali kulitukuza kidogo lile sufuria.

Nikasema nyama ya kondoo, lozi na zafarani.

Pasha akaita anayefuata.

Alhamisi, 19 Machi

Mke wangu ananisemesha tena, kwa amri tu. Kaenda kwa mke wa Pasha. Kumbe Pasha ameamua kwamba Jumamosi, kabla ya mansaf, kila mtu ale adesi kwa heshima ya mpishi asiyejulikana. Wanatafuta wa kupika sufuria kubwa. Umm Hayil kanitoa mimi! Niwe mtumishi kwenye sherehe ambayo ilikuwa yangu!

Nikagoma. Akanitazama. Nikaacha kugoma.

Akanipa sharti moja. Nipike kama ninavyopika nyumbani, nisiongeze kitu. Akarudia tena kwa kunishika shati: "Usiongeze kitu."

Jumamosi, 21 Machi

Siku yenyewe. Bendera, hotuba, mzee mmoja akazimia kwa jua na mwingine kwa hotuba. Mimi jikoni, moshi machoni, bila masharubu ya kuuchuja. Nikapika. Jamidi nikatia, mkono wenyewe ulikwenda. Sikuongeza kitu. Naapa sikuongeza kitu.

Mabakuli yakapelekwa ukumbini. Kelele za vijiko. Kisha kelele zikapungua, zikaisha. Nikajua nimeunguza. Nikachungulia.

Pasha alikuwa amesimama, bakuli mkononi, machozi yanateremka wazi mbele ya watu wote. Akauliza nani kapika. Umm Hayil akanisukuma mgongoni kwa mwiko. Nikatoka na aproni yangu.

Pasha akamgeukia Abu Shibli, akamwambia yeye alikuwa handaki lile, aseme ukweli, ni huyu au si huyu. Abu Shibli akajibu kwamba ulimi wake umefungwa kwa kiapo, lakini kichwa hakikuapishwa. Akakiinamisha mara tatu, kwa nguvu, mpaka nishani ikalia kwenye vifungo.

Basi Pasha akanikumbatia. Mimi! Akasema Jumatatu ataandika jina langu. Wazee wakasimama. Ami Falah alinibusu begani. Mansaf ikaletwa, sinia ya kwanza, na Pasha mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akaigeuza. Kichwa cha kondoo kikaja taratibu, kikampita Abu Shibli, kikanitazama mimi. Macho kwa macho. Nilimwona Umm Hayil mlangoni anafuta uso kwa mtandio. Nilifurahi mpaka kifua kikaniuma. Sijapata kufurahi hivyo maishani.

Ukumbi ukawa kimya, wananisubiri niseme neno. Neno moja la shukrani, basi. Nikaona ni kimya kirefu mno kwa adesi tupu.

"Na wakati wa kurudi, Pasha," nikasema, "nilipita mzingani nikapiga kifaru kimoja."

Pasha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ninaapa. Nikaapa kwa masharubu yatakayoota.

Hakugomba. Alishika ukingo wa sinia, akaigeuza tena. Nikatazama kichwa kinaondoka, sikio, shavu, kisogo, mpaka mbele yangu ukabaki wali. Abu Shibli alikuwa ameziba uso kwa viganja.

Wakati wa kutoka, Pasha alinishika mkono. Akasema mwakani, siku kama ya leo, nikiweza kumsimulia habari ya sufuria toka mwanzo mpaka mwisho bila kuongeza kitu, ataandika jina langu palepale. Mbele ya mashahidi kasema.

Njia nzima Umm Hayil alikuwa anarudia kwamba aliniambia nisiongeze kitu. Sielewi lawama hii. Kwenye adesi sikuongeza chochote!

Jumapili, 22 Machi

Nimelala vizuri, nimeamka na akili. Nimeona nilipokosea. Kifaru kimoja! Mtu akisema kimoja anaonekana kabahatisha. Ningesema viwili nisingegeuziwa sinia.

Lakini hayo yamepita. Nina mwaka mzima na kazi rahisi. Kusimulia tu, bila kuongeza. Nimeanza mazoezi leo, Umm Hayil akiwa hakimu, amekaa na bamia zake. Nikasema kombora, nyumbu, kamba kiunoni, mlima, handaki, adesi, jamidi. Nikafika mwisho. Safi kabisa, hata yeye kanyanyua uso na kutabasamu. Akasema niache hivyo hivyo, nisiguse tena.

Nimeipitia peke yangu alasiri. Nzuri, lakini kuna mahali panayumba, na Pasha ni mtu makini, atapaona. Sufuria kubwa kiasi kile lisingebebwa na nyumbu mmoja. Haiingii akilini. Kwa ajili ya ukweli tu, nimeweka wawili, na wa pili alikuwa kipofu.